Kaske haijafa: namna ya kuiunganisha na ordinatere na kuipatia sauti safi

Juma hili tunajibu ulizo moja ambalo vikundi vingi vimetuletea, kila kimoja kwa maneno yake. Wengine wanasema: «Kaske yetu inaimba vizuri, lakini inakataa mkutano.» Wengine: «Tukisikiliza nyimbo iko safi, tukianza kusema inakuwa kama mtu anasema ndani ya ndoo.» Wengine hawakuuliza kitu. Walifunga kaske ndani ya gazeti, wakaiweka juu ya kabati na kusema imekufa.

Jibu letu kwa kifupi ni hili: mara nyingi kaske haijafa. Imepewa kazi mbili kwa wakati mmoja, na njia inayopitia haiwezi kubeba zote mbili vizuri. Ukizigawanya kazi hizo, sauti inarudi. Tutaeleza pole pole, kuanzia mwanzo, sababu kati yetu kuna wamama ambao hawajashika ordinatere hata mara moja, na kuna wengine ambao wanaishika kila siku lakini hawakupata mtu wa kuwaeleza.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Zamani, wamama wa Lubumbashi walipotaka kukutana na wenzao wa Likasi, walipanda gari kwa kilometa karibu 120. Kwenda Kolwezi ni karibu 300. Nauli, chakula cha njiani, mtoto wa kuachia jirani: mkutano mmoja ulikula faida ya mwezi mzima. Leo vikundi vingi vinakutana kwa intaneti. Ordinatere moja inawekwa juu ya meza, wamama wanazunguka, na mama sekretere anavaa kaske ili asikie vizuri na kuandika.

Tena kuna mama anayesoma usiku. Nyumba ni chumba kimoja na sebule, watoto wamelala, na yeye ndiyo saa anapata nafasi ya kufuata masomo yake ya ushonaji ao ya hesabu za biashara. Bila kaske, ao anaamsha watoto, ao anaacha masomo. Kwa mama huyo, kaske ndiyo mlango wa darasa lake.

Kwa hiyo sauti ikiharibika, hasara ni kubwa kuliko bei ya kaske. Mama asiyesikika katika mkutano, mawazo yake hayaandikwi. Na mama anayesikia nusu, anaweza kukubali jambo ambalo hakulielewa.

Bluetooth ni kitu gani

Kaske isiyo na kamba inazungumza na ordinatere kwa mawimbi ya redio. Namna hiyo ya kuzungumza inaitwa Bluetooth. Ilianza kutengenezwa Sweden katika kampuni ya Ericsson, na mwaka 1998 makampuni 5 yaliungana ili kuieneza. Jina lilitoka kwa mfalme mmoja wa zamani wa Danmark, Harald, ambaye watu walimpa jina la utani la «Jino la Bluu». Alama yake ni kama herufi B yenye mikono miwili upande wa kushoto. Mukiona alama hiyo juu ya kartoni ya kaske ao ndani ya ordinatere, mujue ni hiyo.

Mama mmoja alituuliza: je, Bluetooth inakula mega? Hapana. Mkutano wa intaneti unakula mega, lakini njia kati ya kaske na ordinatere haili hata moja. Munaweza kusikiliza nyimbo zilizo ndani ya ordinatere kutwa nzima bila kununua kitu.

Mawimbi hayo ni ya nguvu kidogo. Kwa kaske nyingi yanafika metre karibu 10 mahali peupe. Ukuta wa matofali unayapunguza, na hata mwili wa mtu unayapunguza, sababu sehemu kubwa ya mwili ni maji. Tutarudia jambo hili chini.

Kuunganisha, hatua kwa hatua

Tunachukua ordinatere ya Windows yenye lugha ya Kifaransa, sababu ndiyo nyingi katika vikundi vyetu.

Kwanza, chaji kaske mpaka ijae. Batiri iliyo karibu kuisha inaleta sauti ya kukatika, na mutatafuta kosa mahali ambapo halipo.

Pili, zima Bluetooth ya telefone zote ambazo kaske hiyo ilikwisha kuungana nazo. Kaske inakumbuka rafiki yake wa mwisho. Ukiiwasha, inakimbilia kwanza telefone ya kijana wako aliye chumbani, na ordinatere inabaki inaita bure.

Tatu, iweke kaske katika hali ya kutafutwa. Kwa kaske nyingi za kuvaa kichwani, bonyeza kitufe cha kuwashia na usikiachilie, muda wa sekunde 5 ao zaidi, mpaka taa ndogo ianze kupepesa haraka, mara nyingi rangi ya bluu na nyekundu. Kwa zile ndogo za kuingiza masikioni, mara nyingi unafungua kisanduku chake na kubonyeza kitufe kilicho juu ya kisanduku chenyewe. Karatasi iliyo ndani ya kartoni inaonyesha kitufe ni kipi, musiitupe.

Ine, kwenye ordinatere bonyeza pamoja kitufe chenye picha ya dirisha na herufi I. Ukurasa wa «Paramètres» unafunguka. Katika Windows 11 ingia «Bluetooth et appareils»; katika Windows 10 ingia «Périphériques». Washa Bluetooth kama imezimwa.

Tano, bonyeza maneno ya kuongeza chombo, «Ajouter un appareil» ao yanayofanana nayo, kisha chagua Bluetooth. Ngoja kidogo. Jina la kaske litatokea. Libonyeze. Ikiomba namba ya siri, kaske nyingi za zamani zinatumia 0000. Ukiona neno «Connecté», kazi imekwisha. Siku nyingine hautarudia hatua hizi zote: ukiwasha kaske karibu na ordinatere, mara nyingi vitaungana vyenyewe.

Kama hauoni mahali pa kuwasha Bluetooth, tazama kwanza kama «Mode avion» imewashwa, maana hiyo inazima mawimbi yote. Kama sivyo, inawezekana ordinatere yenu haina Bluetooth ndani, hasa zile kubwa za kuweka juu ya meza. Hapo kuna kijiti kidogo cha USB, kidogo kama kucha ya kidole gumba, ambacho kinachomekwa na kuipatia ordinatere Bluetooth. Hakuna lazima ya kununua ordinatere nyingine.

Mama mweka hazina na kaske ya kikundi

Sasa tufike penye shida yenyewe. Kikundi kimoja hapa Lubumbashi, wamama 18, walichanga franka kwa ajili ya kaske ya kikundi. Mama mweka hazina alikwenda sokoni, akachagua, akaleta na karatasi ya mununuzi. Siku ya kwanza walijaribu nyimbo: kila mama alivaa kwa zamu, kila mama alicheka kwa furaha. Siku ya posho walifungua mkutano na wenzao wa Likasi na Kolwezi. Mara tu mkutano ulipoanza, sauti iligeuka: ikawa ndogo, ya puani, kama redio ya zamani iliyo mbali. Na wenzao wa Kolwezi walisema: «Tunakusikia kama uko ndani ya pipa.»

Maneno yalianza hapo hapo. Alinunua ya bandia. Bei ya kweli ni nyingine. Nusu ya pesa iko wapi? Kwa majuma mawili yule mama alikuja kwenye likelemba na kuketi peke yake. Munajua maneno ya namna hiyo yanavyotembea: yanafika kwa shemeji kabla ya kufika kwa mwenyewe.

Tulipoitwa, hatukuleta chombo chochote. Tuliomba tu wafungue wimbo mmoja uliokuwa ndani ya ordinatere, kisha wafungue mkutano wa kujaribu. Wimbo ulikuwa safi. Mkutano ulikuwa mbaya. Kaske ile ile, masikio yale yale, siku ile ile. Kaske ya bandia haichagui saa ya kuwa bandia. Tulibadilisha jambo moja katika ordinatere, na sauti ikarudi kama siku ya kwanza. Mama prezida alisimama mbele ya wote akamwomba mweka hazina musamaha, na wengine wakafuata.

Basi, jambo gani lilibadilishwa?

Njia mbili: ya kusikiliza na ya kusema

Kaske ya Bluetooth iko na njia mbili za kazi. Ya kwanza tuiite njia ya muziki. Hapo sauti inakwenda upande mmoja tu, kutoka ordinatere mpaka masikio. Njia ni pana, na kila sikio linapata sauti yake.

Ya pili tuiite njia ya simu. Hapo sauti inakwenda na kurudi: unasikia, tena mikro iliyo juu ya kaske inachukua maneno yako na kuyapeleka. Lakini mawimbi hayakuongezeka. Ndiyo sababu katika njia ya simu kaske inapunguza ubora wa pande zote mbili, na masikio yote mawili yanapata sauti moja.

Kwa wamama wanaopenda hesabu: sauti ya muziki mara nyingi inapimwa mara 44 100 kwa sekunde. Katika njia ya simu ya zamani inapimwa mara 8 000 tu, na katika ile iliyotengenezwa vizuri zaidi mara 16 000. Ni kama picha iliyochorwa kwa nukta: nukta zikiwa chache, sura inabaki lakini macho hayaonekani vizuri. Kinachopotea kwanza ni sauti za juu, zile za herufi kama S na F. Msikilizaji anashindwa kutenganisha «saa» na «faa», «suka» na «fuka». Anachoka, anaomba urudie, mwishoni anasema «ndiyo» ili tu mambo yaendelee.

Na kumbe ni nani anayeiambia kaske iache njia ya muziki na kuingia njia ya simu? Ni mikro. Mara tu programu ya mkutano inapoomba mikro ya kaske, ordinatere inahamisha kila kitu kwenye njia ya simu. Hakuna anayekuuliza. Ndiyo maana nyimbo ni safi na mkutano ni mbaya.

Dawa: gawanya kazi

Dawa ya kwanza, iliyo rahisi na isiyo na bei: kaske ifanye kazi ya kusikiliza tu, na mikro ya ordinatere yenyewe ifanye kazi ya kusema. Ordinatere nyingi za kubeba ziko na mikro ndani, tundu dogo karibu na kamera.

Ingia tena «Paramètres», kisha «Système», kisha «Son». Utaona mahali pawili. «Sortie» ni mahali sauti inapotokea: chagua kaske. «Entrée» ni mahali sauti inapoingilia: chagua mikro ya ordinatere, siyo ya kaske. Katika Windows 10 unaweza kuona kaske moja ina majina mawili: moja liko na neno Stereo, lingine liko na neno Hands-Free. Stereo ndiyo njia ya muziki. Hands-Free ndiyo njia ya simu. Kwa kusikiliza, chagua ile ya Stereo. Katika Windows 11 mara nyingi utaona jina moja tu, na ordinatere inabadilisha njia yenyewe kufuatana na mikro uliyochagua.

Kisha fungua programu ya mkutano, iwe Zoom, iwe WhatsApp ya ordinatere, na utazame mipangilio ya sauti humo pia. Programu nyingi zinachagua mikro yao bila kufuata ordinatere. Wamama wengi wanashindwa mahali hapa: wamepanga vizuri katika «Son», lakini programu inaendelea kushika mikro ya kaske. Katika Windows 10, ukichagua Stereo huku programu bado imeshika mikro ya kaske, unaweza hata kukosa sauti kabisa. Badilisha mikro kwanza, sauti itarudi.

Mutauliza: mikro ya ordinatere haitaleta mwangwi? Hapana, maana sauti za wenzenu ziko ndani ya kaske, haziko chumbani, kwa hiyo mikro haizirudishi. Lakini mikro hiyo inasikia chumba chote: kuku, mvua juu ya mabati, na jirani anayetwanga sombe. Keti karibu na ordinatere, funga dirisha, weka kitenge juu ya meza ili kupunguza kelele ya vitu vinavyogusa meza. Usipokuwa unasema, funga mikro.

Dawa ya pili, kwa mahali penye kelele nyingi: ekuteri za kamba zenye mikro, zile za telefone. Kamba haina shida ya njia mbili, inabeba kusikia na kusema pamoja. Angalieni tu tundu la ordinatere: zingine ziko na tundu moja kwa kazi zote, zingine ziko na matundu mawili tofauti, na hapo munahitaji kamba ndogo ya kugawanya. Kwa kikundi ambacho hakijanunua kitu, ekuteri nzuri ya kamba inaweza kutosha.

Dawa ya tatu: baada ya mkutano, funga programu kabisa. Kama imebaki imefunguliwa nyuma, inaweza kuendelea kushika mikro, na hata nyimbo zitakuwa mbaya. Mtu atasema tena kaske imekufa.

Kuna na vyombo vipya vinavyotumia namna mpya ya Bluetooth inayoitwa LE Audio, iliyotangazwa mwaka 2020, ambayo inapunguza shida hii. Lakini lazima kaske na ordinatere zote mbili ziwe nayo. Kununua kaske mpya kwa ordinatere ya zamani hakutabadilisha jambo hili.

Sauti inayokatika-katika

Hii ni shida nyingine, musiichanganye na ile ya kwanza. Hapa sauti ni nzuri lakini inaruka na kukwama.

Jaribio la kwanza daima liwe hili: fungua wimbo ulio ndani ya ordinatere, bila intaneti. Kama wimbo unatembea vizuri, kaske haina kosa. Intaneti ndiyo dhaifu. Zimeni kamera katika mkutano, sababu picha inakula mega nyingi kuliko sauti. Kama wimbo wenyewe unakatika, basi kosa liko kati ya kaske na ordinatere. Hapo tazameni mambo haya:

Umbali. Rudisha ordinatere karibu, pasipo ukuta katikati. Wamama 10 wakisimama kati ya kaske na ordinatere, nao ni ukuta.

Wi-Fi. Bluetooth na Wi-Fi nyingi zinatumia mawimbi ya sehemu moja, karibu gigahezi 2,4. Ni kama watu wanaosema pamoja katika chumba kimoja. Musiweke kile chombo cha Wi-Fi juu ya ordinatere. Kiwekeni mbali kidogo.

Kijiti cha USB. Kama munatumia kile kijiti cha Bluetooth, kitoeni karibu na flashi ao diski iliyochomekwa kwenye tundu la USB la rangi ya bluu. Matundu hayo ya mwendo wa haraka yanaweza kusumbua mawimbi ya Bluetooth. Jaribuni tundu lingine, ao kamba ndogo ya kurefusha.

Telefone. Kaske zingine zinaungana na vyombo viwili pamoja. Ujumbe ukiingia kwenye telefone, sauti ya ordinatere inakatwa. Zimeni Bluetooth ya telefone mpaka mkutano uishe.

Kama yote hayo hayakusaidia, ondoeni kaske katika orodha ya ordinatere, zimeni ordinatere, iwasheni tena, na muunganishe upya kama siku ya kwanza. Dawa hii ni ya kizamani lakini inaponya mengi.

Na kama munatazama masomo ya video na muona midomo inatangulia maneno, hiyo siyo kuharibika. Bluetooth inachelewa kidogo. Kwa masomo haizuii kitu.

Masikio, usafi na batiri

Kaske ya kikundi inapita masikio mengi. Ipanguseni kwa kitambaa kilicholowa kidogo tu, kisha muiache ikauke kabla ya mama mwingine kuivaa. Mwenye sikio linalotoa usaha asiivae mpaka apone.

Kwa watoto, tunaomba sana. Shirika la Afya Duniani, ile OMS, linashauri mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na mtoto asipite 75 kwa muda huo huo. Nyumbani hatuna chombo cha kupimia, lakini kuna kipimo cha mama: simama mbali naye kwa urefu wa mkono na useme kwa sauti ya kawaida. Kama mtoto hakusikii, sauti ya kaske ni kubwa mno. Sikio likiharibiwa na kelele za miaka mingi, halirudi.

Batiri ya kaske nayo, musiifungue wala kuitoboa. Inaweza kuwaka moto. Batiri nyingi za vyombo vidogo hivi zina cobalt, na zaidi ya nusu ya cobalt inayochimbwa duniani inatoka inchi yetu, hasa upande wa Kolwezi. Kitu kilichotoka ardhini kwetu na kuzunguka dunia mpaka kurudi sokoni kwetu, tusikitupe shimoni eti kimekufa, kabla ya kukijaribu vizuri.

Mukienda kununua

Jaribuni kaske mbele ya muuzaji kwa namna mbili: wimbo, kisha kuita mtu kwa telefone. Mujue kwamba sauti ya kuita itakuwa chini kidogo ya sauti ya wimbo. Hiyo ni kawaida, siyo dalili ya bandia. Kinachotakiwa ni kwamba maneno yasikike wazi pande zote mbili. Wamama wawili waende pamoja, na karatasi ya mununuzi ibaki katika kitabu cha kikundi. Inamlinda anayenunua na waliochanga.

Kazi ya nyumbani

Kabla ya mkutano wenu ujao wa intaneti, fanyeni jaribio la dakika 15. Mama mmoja avae kaske na kusikiliza wimbo ulio ndani ya ordinatere. Kisha aingie mkutano wa kujaribu na mama mwingine aliye kwake, mara ya kwanza kwa mikro ya kaske, mara ya pili kwa mikro ya ordinatere. Yule wa mbali aandike kila mara alisikia namna gani. Mama sekretere aandike ndani ya kitabu cha kikundi mpango ulioleta sauti nzuri, ili siku yeye hayupo, mwingine ajue la kufanya.

Na kama baada ya hayo yote kaske bado inakataa, hapo ndipo museme imeharibika, na museme hivyo juu ya kaske, siyo juu ya mama aliyeinunua.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kuhifadhi karatasi na hesabu za kikundi ndani ya flashi bila kuzipoteza. Maulizo yenu muyaachie kwa mama sekretere wa kikundi chenu, nasi tutajibu. Mubaki na amani.